Mhariri, wauza raba watuache tutembee kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na urefu wa barua yenyewe unisamehe mapema. Wiki mbili zilizopita gazeti lako lilijaza ukurasa mzima habari za raba: rangi zinazotamba mjini, raba nyeupe inavyokubaliana na suruali ya kadeti, raba ya kuvalia gauni, raba ya kuendea ofisini siku ya Ijumaa. Mjukuu wangu aliukata akaubandika ukutani juu ya kitanda chake. Mimi niliusoma mara mbili, miwani puani, nikitafuta neno moja tu, nalo ni mguu. Sikuliona. Viatu kumi na kimoja vimepigwa picha, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mtu ndani yake.

Mimi ni mstaafu wa reli, mkazi wa Ng'ambo hapa Tabora. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kukagua njia kwa miguu. Unaamka alfajiri, spana ndefu begani, nyundo mkononi, bendera kwapani, unatembea katikati ya reli mbili ukiangalia boliti moja baada ya nyingine. Iliyolegea unaikaza, kipande chako kikiisha unageuza kurudi. Asiyewahi kutembea juu ya mataruma, ile mihimili inayolazwa kukingama chini ya reli, hawezi kujua adha yake. Yamekaribiana mno kwa hatua ya mtu mzima, na ukisema uruke moja ukanyage la pili, ni mbali mno. Ndiyo maana mkagua njia utamtambua hata akiwa harusini, hatua zake zina mdundo wa peke yake. Na ukishuka pembeni unakutana na kokoto, nazo kokoto za reli zina ncha, si zile za mtoni. Kwa hiyo, Mhariri, mambo ya viatu na miguu sikuyasoma kitabuni.

Siku zile nilivaa buti, na buti zilifanya kazi yake. Raba niliiona kuwa ni kitu cha wanamichezo na vijana wa shule. Nimeanza kuvaa raba nikiwa na miaka 60, na haikuwa kwa kutaka mtindo. Nilikutwa na kisukari. Muuguzi aliyenipokea kliniki, binti mdogo tu wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinishika unyayo akanigusa sehemu kadhaa kwa kitu chembamba kama uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, akawa anauliza, "Hapa unasikia, baba? Na hapa?" Mahali pengine nilisikia, pengine nikawa namdanganya. Akaniambia sukari ikikaa mwilini muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo inayotangulia kupoteza hisia. "Kuanzia leo miguu yako ni kama watoto wachanga," alisema. "Haitakwambia inapoumia wapi, itabidi uiangalie mwenyewe kila jioni." Nitembee nusu saa kila siku, nisitembee peku hata sebuleni, na kabla ya kuvaa kiatu niingize mkono ndani nipapase.

Nilifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Mtu mzima kupapasa kiatu chake mwenyewe niliona ni utoto.

Raba yangu ya kwanza ilipoachia soli nilimpelekea fundi mmoja wa kando ya barabara. Badala ya kuishona kwa uzi akaibana kwa kisumari na gundi, nikamlipa, nikashukuru. Kesho yake nikatembea kama kawaida, nyumbani mpaka stesheni, chini ya miembe, nikakaa kidogo na wenzangu wa zamani, nikapitia dukani, nikarudi. Jioni navua, soksi ya mguu wa kulia haitaki kutoka. Nikadhani jasho. Nikaivuta. Ilikuwa soksi ya kijivu, na chini ya kidole gumba palikuwa na duara jeusi, bichi bado, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Nikaingiza mkono ndani ya kiatu, sasa ndiyo nikapapasa, na kidole cha shahada kikagusa ncha. Haikuzidi milimita tatu. Nimeikanyaga tangu saa mbili asubuhi, pengine hatua elfu nne au tano, na sikuhisi chochote. Mama watoto alikuwa anachambua mchele pale pale. Alitazama ile soksi, akaweka ungo chini, hakusema neno. Kidonda kilinichukua wiki saba, kliniki kila siku ya pili, na muuguzi yule naye hakunisema, jambo ambalo liliniuma kuliko angenisema.

Nimekueleza hayo ili uelewe kwa nini swali la muuza raba linanitesa. Ukishaweka mguu ndani, kijana anakuuliza, "Vipi mzee wangu, inabana?" Mimi sijui! Mguu wangu hauna habari za kunipa. Inaweza kubana mpaka ngozi ikatoka, na mimi nikamjibu kijana kwamba iko sawa kabisa. Ndipo nikaanza kutafuta njia ya kupima kiatu bila kumuuliza mguu.

Njia niliyoipata ni ya boksi. Nilichukua boksi la sabuni, nikalitandaza sakafuni, nikasimama juu yake, mjukuu akachora kuzunguka nyayo zangu kwa kalamu iliyosimama wima. Ni lazima usimame, usikae, kwa sababu uzito wa mwili ukishuka mguu unatanuka mbele na pembeni. Na ni lazima iwe jioni, kwa maana mguu wa jioni si mguu wa asubuhi, umevimba kwa kazi ya siku nzima. Chora yote miwili. Wangu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa nusu sentimita, na nimeishi nao miaka sitini na kitu bila kujua. Ukishachora unakata kwa mkasi, mbele unaacha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, basi. Sokoni naenda na nyayo zangu za boksi mfukoni. Nachomoa soli ya ndani ya kiatu kama inachomoka, naiweka boksi juu yake. Boksi likizidi pembeni, kiatu kinarudi mezani hata kama kinang'aa vipi. Soli ya ndani isipochomoka, naingiza boksi lenyewe ndani ya kiatu, likijikunja kingo najua vidole vyangu navyo vitajikunja hivyo hivyo.

Vijana wa pale Soko Kuu wamenipa jina, Mzee Boksi. Sina ugomvi nao. Mmoja ndiye aliyenichokoza zaidi: "Mzee, ninyi Wanyamwezi si ndiyo mliobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo pekupeku? Leo unachagua raba kama bibi harusi?" Nikamwambia ni kweli, babu zetu walikwenda, kilometa zipatazo 800 kwenda tu, na pembe begani. Lakini tunazosikia ni habari za waliorudi. Aliyeoza mguu njiani hakurudi kutusimulia.

Jirani yangu mwalimu mstaafu naye ana hoja yake, kila akiniona na boksi ananitajia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960 akiwa peku. Namuuliza kwa nini alikimbia peku. Inavyosimuliwa ni kwamba viatu alivyovipata kule havikumkaa vizuri. Mwaka 1964 Tokyo alishinda tena, na safari hiyo alikuwa amevaa viatu. Yule bwana hakuwa adui wa kiatu. Alikataa kiatu kibaya, kama ninavyokataa mimi, ila yeye alikuwa na nyayo za kumruhusu.

Sasa niseme kuhusu namba, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa. Mtu anasema, "Mimi navaa 43," kama anataja jina la baba yake. Namba hiyo si ya mguu wako, ni ya kiwanda. Fungua ulimi wa raba, ndani utaona kilebo kidogo chenye namba za Marekani, Uingereza na Ulaya. Zote hizo ziache. Tafuta palipoandikwa CM au JP, hapo kuna urefu wa mguu kwa sentimita, mfano 27 au 27.5, mahali pengine wanaandika 270 kwa milimita. Raba ya Nike yenye sentimita 27.5 ni namba 43 ya Ulaya, ya Adidas yenye sentimita hizo hizo imeandikwa 43 na theluthi moja. Bado hujafika kwenye raba za kuiga, ambazo mtengenezaji wake anaandika namba yoyote iliyo karibu. Mimi nimeshavaa 42 ikanipwaya na 44 ikagoma kuingia, wiki moja, soko moja. Pima mguu wako ukutani kwa rula, kisigino kimegusa ukuta, jua sentimita zako, ulale usingizi.

Lakini urefu ni nusu ya habari. Niruhusu nizungumze kwa lugha ya kazi yangu. Reli yetu ya zamani, hii iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kutoka reli hadi reli. Hii mpya ya SGR ina milimita 1,435. Behewa la njia moja huwezi kulipitisha kwenye njia nyingine hata ungelisukuma na jeshi zima. Mguu nao una upana wake. Wengi wetu tuliokua tukitembea peku miguu yetu ni mipana mbele, vidole vimejipanga kama vya bata, na raba nyingi zinakuja zimechongoka. Mtu akibanwa pembeni anafanya nini? Anachukua namba kubwa zaidi. Sasa upana umepatikana, ila urefu umezidi, kisigino kinacheza, malengelenge yanatoka, na vidole vinaikunjia soli ili kiatu kisivuke. Hilo ni kosa nililolifanya mwenyewe miaka miwili. Kumbe wako watengenezaji wanaoandika upana kwa herufi. New Balance ndio wanaojulikana zaidi kwa hilo: kwa viatu vya kiume D ni upana wa kawaida, 2E ni mpana, 4E ni mpana zaidi. Nilipoipata 2E yangu ya kwanza kwenye rundo la mitumba, ya kijivu, imepauka, bei elfu ishirini na mbili, nilitembea nayo mpaka Isevya na kurudi bila sababu yoyote.

Naam, mitumba. Najua wapo wasomaji wako wanaona haya kuitaja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana nguo na viatu vya mitumba viondolewe hatua kwa hatua, nami nikadhani nitarudi kwenye buti. Mitumba bado ipo, belo zinafunguliwa, na kwa mguu mpana kama wangu ndiko zinakopatikana raba za maumbo mbalimbali kwa bei ya mstaafu. Ila kiatu cha mtumba kina tabia ya mwenyewe wa kwanza. Reli ukiiangalia kwenye kona utaona ile ya nje imeliwa upande wake wa ndani, ndiko magurudumu yanakoegemea. Soli nayo husimulia hivyo hivyo. Kigeuze kiatu, angalia ulaji. Kisha kiweke mezani, ukitazame kwa nyuma usawa wa jicho. Kama kimelala upande, kiache, hata kama juu kinang'aa kama kimetoka kiwandani jana, maana mwenyewe alikuwa akitembea kwa kuegemea upande huo na wewe utalazimika kumfuata.

Kuna mtego mwingine wa mitumba, na huu hauonekani kwa macho. Nilinunua raba nzuri sana, haijakanyaga hata vumbi, muuzaji akaapa ni gredi ya kwanza, nami sikubisha. Siku ya tatu niko stesheni, watu wanasubiri treni, nikahisi nimekuwa mfupi upande mmoja. Nikatazama nyuma nikaona nimeacha makombo meupe njia nzima kama mtu anayemwagia kuku pumba. Soli ya katikati ilikuwa inamomonyoka! Mtoto mmoja akaanza kuyaokota akimwonyesha mama yake. Nilirudi nyumbani na bodaboda. Baadaye fundi mwingine, huyu ni wa kushona kwa uzi, alinieleza kwamba ziko soli zinazotengenezwa kwa spongi ya aina ya poliurethani, nayo inaharibiwa pole pole na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimefungiwa kwenye boksi miaka mingi bila kuvaliwa. Kwa hiyo kiatu kinachoonekana kipya kabisa kinaweza kuwa ndicho kizee. Spongi nyepesi ya EVA haimomonyoki hivyo, yenyewe hulala tu kama godoro la wageni. Siku hizi nabonyeza soli ya katikati kwa ukucha. Ikinata, au ikibaki na alama ya ufa, au ikitoa unga, nasema asante nakwenda zangu.

Na wanaopenda raba laini, ile ukiikanyaga unazama, nawasihi waisimamie robo saa kabla ya kufurahi. Ulaini wa dakika ya kwanza unadanganya. Mguu ukizama unayumba, kisigino kinatafuta pa kushika, na jioni maumivu yako magotini badala ya nyayoni. Kiatu nikikipinda nataka kikunjike pale vidole vinapokunjika, kisikunjike katikati kama kitabu. Kisigino nakiminya kwa vidole viwili, kikibonyea kama mkate hakifai. Nakishika mbele na nyuma nakisokota kama ninayekamua nguo, kinatakiwa kigome kidogo.

Hayo ni ya mahali popote. Tabora ina yake. Kwanza mchanga. Raba za kitambaa cha wavu ni nzuri kwa joto letu la Oktoba, mguu unapumua, lakini tundu linalopitisha hewa linapitisha na mchanga, na mchanga ndani ya soksi ya mtu asiyehisi ni msasa. Nimechagua zenye wavu juu ya vidole tu, pembeni zimezibwa. Pili, maembe. Ukija kwetu Desemba utaona barabara zilizo chini ya miembe zimejaa maembe yaliyoiva yakapondwa na baiskeli. Soli iliyolainika meno yake, kwenye embe bovu ni barafu. Nimeshuhudia bwana mmoja wa heshima zake, suti na raba nyeupe kama za kwenye ukurasa wako, akiteleza mbele ya mashahidi. Raba nyeupe sina neno nayo, ila ije na meno.

Lililonisukuma hasa kuandika ni hili. Mwezi jana niliingia duka moja la viatu vipya, silitaji. Raba zimepangwa ukutani, kila aina mguu mmoja mmoja, wa kulia tu. Nikaomba wa kushoto. Kijana akasema wa kushoto uko stoo, utatolewa nikishalipa, ndio utaratibu wao, wezi wamezidi. Nikamweleza mguu wangu wa kushoto ndio mkubwa, akaniambia, "Mzee, viatu vyote viko sawa." Nikaomba basi nikae nivae huo mmoja; kiti hakuna. Nikaegemea ukuta, nikavaa, nikaomba nitoke nje nipige hatua kumi. Hairuhusiwi, soli itachafuka. Nami, mjinga, nikalipa elfu thelathini na tano kwa sababu nilikuwa nimechoka kuomba. Nyumbani nafungua: wa kulia 43, wa kushoto 42. Narudi, naonyeshwa karatasi iliyobandikwa juu ya meza, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, na chini yake, kwa kalamu, wamepigia mstari mara mbili.

Sitaki kugombana na biashara ya mtu. Wezi wapo, najua, na raba iliyotembea nje ina vumbi. Lakini kipande cha zulia cha hatua sita kinagharimu nini? Kigoda kinagharimu nini? Muuza asali wetu pale sokoni anakuonjesha kwa kijiti kabla hujanunua chupa, na asali ukiionja inapungua. Raba ukiijaribu haipungui. Mnunuzi aonyeshwe viatu vyote viwili, avae akiwa na soksi zake, afunge kamba, atembee. Tena kamba afunge mwenyewe. Lile tundu la juu kabisa, la pembeni, ambalo karibu kila mtu analiacha wazi, ukilipitishia kamba kisigino hakichezi tena. Na kama juu ya mguu pana mfupa uliotokeza, pale kamba isipite msalaba, ipande pembeni moja kwa moja kisha iendelee. Mambo haya muuzaji angeyajua angeuza zaidi, siyo kidogo.

Yule kijana aliyenitania habari za Bagamoyo ndiye aliyenielewa kwanza. Amepata boksi lake, analitandaza chini mbele ya meza, wateja wanasimama anawachora. Anaposikia mtu anabisha namba ananionyesha kwa kidevu, "Muulizeni Mzee Boksi." Ameniomba radhi kwa lile jina, na bado analitumia.

Kwa upande wako, Mhariri, ukurasa wa mitindo uendelee, mjukuu wangu ana kuta nyingine tatu. Ila siku moja umtume mwandishi kwenye kliniki yoyote ya kisukari, siku ya kuangalia miguu, aangalie viatu vilivyopangwa mlangoni na miguu iliyovivua. Na gazeti lenyewe, nisamehe, ndilo ninalolijaza ndani ya raba zikilowana mvua. Linanyonya maji vizuri kuliko kitambaa, na raba inakauka kivulini bila gundi kuachia kwa jua. Naanza na kurasa za matangazo.

La mwisho ni la nyumbani. Mama watoto anauza vitumbua getini tangu saa kumi na moja alfajiri, kasimama, kandambili miguuni, visigino vimepasuka. Nimemwomba miezi nimchoree mguu. Anakataa: "Kwani mimi maiti, unanipima?" Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa kizingitini anajisugua mguu kwa mafuta ya nazi, nikaweka boksi chini bila kusema kitu. Akalitazama, akanitazama, akasimama juu yake. Nilichora mwenyewe, mjukuu alikuwa kanisani kwenye kwaya. Nikapima: sentimita 25 na nusu, na upana ambao kwa mwanamke sijauona madukani. Hiyo ni namba 40 karibu. Yeye tangu siku ya harusi yetu ananunua 38, kwa sababu siku ile ndiyo namba aliyoletewa. Akaingia ndani akatoka na viatu vyake vya harusi, anavitunza kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka kimoja juu ya lile boksi. Boksi likajitokeza pande zote.

"Kumbe," alisema, akakirudisha mfukoni.

Jumamosi hii tutakuja sokoni wote wawili, jioni, saa kumi na moja hivi, akishapumzika. Muuzaji yeyote mwenye namba 40 pana, ya kike au hata ya kiume, yenye meno chini na isiyo nyeupe, atuwekee. Na aweke kigoda.

Mstaafu wa reli,
Ng'ambo, Tabora.